Mkanyagaji, Mmoja, wa Asili

Wanaosema nchi yetu haina utaratibu ni watu ambao hawajawahi kujaza fomu zetu. Mimi nimezijaza kwa miaka ishirini na miwili, nikiwa katibu wa Parokia ya Kilimasongo, na naweza kuapa kwamba hakuna jambo humu, hata liwe dogo namna gani, lisilo na fomu yake, wala hakuna fomu isiyo na fomu ya kuiombea. Kwa hiyo haya nitakayoyasimulia yasichukuliwe kuwa malalamiko. Mlalamikaji wa wilaya yetu huteuliwa na Mkuu wa Wilaya, na kwa sasa nafasi hiyo iko wazi.

Nchi yenyewe siitaji jina. Anayeijua ataijua, na asiyeijua avute subira, itamfikia.

Kanisani kwetu pana kinanda cha mabomba. Sisemi hivi vinanda vya umeme vinavyouzwa duka moja na majokofu. Nasema kinanda chenyewe, kirefu kupita mlango wa sakristia, chenye mabomba mia nne na kumi na mawili ya bati na ya mbao, kilichotengenezwa Ulaya karibu miaka mia tatu iliyopita, wakati wanaume wa huko walipokuwa wakivaa nywele za bandia na kuona fahari. Wamisionari walikileta kwa vipande, ndani ya makasha, vichwani mwa babu zetu. Majina ya babu zetu hayakuandikwa popote, lakini makasha yaliandikwa yote.

Mwaka juzi alikuja Profesa mmoja kutoka Ulaya, mzee mpole mwenye viatu vikubwa. Akakisikia kinanda kwenye Misa ya kwanza, akalia. Sisi tulidhani amefiwa, tukampa pole na uji. Kumbe alikuwa na furaha. Alitueleza kwamba vinanda kama hiki vimebaki vichache duniani, kwamba muziki wa enzi ile ya nywele za bandia huitwa Baroko, na kwamba ataiandikia serikali yetu ili pafanyike tamasha. Padre Oskari alimsihi asiandike. Profesa alidhani ni unyenyekevu wa kipadre, akaandika.

*

Barua ilifika Wizara ya Mambo ya Kale, Utamaduni na Viwanja vya Ndege, mezani kwa Mkurugenzi, Dokta Kitundumo. Baada ya wiki moja tu, jambo ambalo halijawahi kutokea hata kwa barua ya njaa, Dokta alisimama mbele ya waandishi wa habari na kutangaza Tamasha Kuu la Kitaifa la Muziki wa Baroko na Vinanda vya Kihistoria. Alisema utafiti unaoendelea, ambao ungeanza mara bajeti ikipita, utathibitisha kwamba Baroko ilianzia kwetu, ikachukuliwa pamoja na pembe za ndovu.

Mabango yalichapwa yakionyesha vinanda vitatu. Ni kweli wamisionari walileta vitatu. Cha mji mkuu sasa ni kabati la majoho ya kwaya, na cha bandarini kililiwa na mchwa kikabaki kiti. Profesa alipouliza kwa upole kama mabango hayangeweza kurekebishwa, aliambiwa bango la serikali halikosei. Vilivyokosea ni vinanda.

Kikabaki chetu. Na hapo ndipo ilipoanza heshima iliyomkuta Mama Leokadia.

*

Kinanda cha namna hii hakijui umeme. Nyuma yake, ndani ya kichumba chembamba, mna mivukuto miwili, yaani mifuko mikubwa ya ngozi na mbao inayopeleka upepo kwenye mabomba, na kila mmoja una boriti yake ya kukanyagia. Mtu huikanyaga boriti ya kwanza mpaka chini, mvukuto ukajaa. Unapoanza kutoa upepo wake taratibu, yeye amekwisha kuhamia boriti ya pili. Akisimama, kinanda kinakata roho.

Mtu huyo, kwa miaka thelathini na minane, alikuwa Mama Leokadia. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene wa miguu, mkavu wa maneno. Hakujua noti hata moja, lakini alijua kila wimbo unakula pumzi kiasi gani, na Mwalimu Ponsiano, mpiga kinanda wetu, alimwogopa kuliko alivyomwogopa Askofu. Mwalimu akivuta wimbo kwa mbwembwe, nyuma ya kinanda husikika kikohozi kimoja, naye hurudi kwenye mstari.

Mama Leokadia alikuwa na mtoto mmoja tu, Pelagia, aliyeolewa Bwawani, mwendo wa siku mbili kutoka kwetu. Pelagia alikuwa ameshika mimba mara mbili na mara zote mbili zikatoka. Ya tatu ilikuwa imefika mwezi wa saba. Mama yake aliahidi kwamba safari hii hatamwachia jirani. Angekwenda mapema, ampokee mjukuu kwa mikono yake, amkande mzazi kwa maji ya moto siku arobaini kama inavyotakiwa, na baada ya hapo asirudi tena Kilimasongo, abaki huko alee. Barua yake ya kuacha kazi niliichapa mimi. Padre Oskari aliikubali kwa huzuni, na fundi seremala mmoja, Simforosi, akaanza kufundishwa kukanyaga. Mpaka hapo mambo yote yalikuwa sawa. Ndipo serikali ikaja kutusaidia.

*

Serikali ilimtuma kwanza karani, Bwana Zebedayo, aorodheshe kinanda ili kilindwe na Sheria ya Vya Kale. Nisingependa mtu amseme vibaya Zebedayo. Hakula rushwa, hakunywa, na chuoni alikofundishwa aliambiwa neno moja ambalo hakulisahau: kisichoandikwa huibwa. Kwa hiyo aliandika kila kitu. Mabomba, mia nne na kumi na mawili. Vibonyezo, hamsini na vinne. Kiti, kimoja, kilichopasuka. Mivukuto, miwili.

Kila alipofika kwenye kitu alimuuliza Mwalimu Ponsiano swali lilelile: kikiondolewa hiki, kinanda kitalia? Kama jibu ni hapana, kitu kile ni sehemu ya kinanda. Basi wakafika nyuma, na hapo alikuwa Mama Leokadia, ameshika ukuta, anafuta jasho kwa ncha ya kanga. Zebedayo akauliza swali lake. Mwalimu Ponsiano, kwa kutaka kumsifu mama wa watu mbele ya mgeni, akajibu kwamba bila huyu kinanda ni kabati tu.

Zebedayo akaandika. Kifaa namba kumi na nne: Mkanyagaji, mmoja, wa asili. Urefu, sentimita mia moja hamsini na mbili. Mahali kilipotengenezwa, Kilimasongo. Mtengenezaji, marehemu. Hali, kinafanya kazi.

Palihitajika sahihi ya shahidi. Sahihi ile ni yangu. Nilikuwa na haraka, fomu ilikuwa na kurasa kumi na tisa, na mimi ni mtu wa utaratibu. Sina zaidi la kujitetea.

Orodha ikatangazwa kwenye gazeti la serikali. Siku ya pili yake wakaja askari wawili na kibao kilichoandikwa USIGUSE, wakakisimika mbele ya Mama Leokadia.

*

Kifungu cha tisa cha Sheria ya Vya Kale kinasema kitu kilichoorodheshwa hakihamishwi zaidi ya hatua ishirini, hakibadilishwi, hakipakwi rangi, hakiazimwi, na hakisafishwi ila kwa kitambaa kikavu. Mama Leokadia akaanza kulala kwenye kichumba cha mivukuto. Akina mama wa jumuiya walimletea ugali na mboga, na Zebedayo, ambaye alikuwa na moyo mzuri, alikiruhusu chakula kile kwa kukiandika kuwa ni mafuta ya kulainishia.

Dokta Kitundumo alifika mwenyewe kukagua. Alikuta mama wa umri wa dada yake mkubwa amekaa juu ya boriti. Dokta alilelewa vizuri, akafungua mdomo kumwamkia shikamoo, kisha akakumbuka kwamba vitu vya kale haviamkiwi, akaufunga.

"Mwanangu," alisema Mama Leokadia, "binti yangu anajifungua mwezi ujao. Amekwisha kupoteza mbili. Niache niende. Simforosi atakanyaga."

Dokta aligeukia upande wangu. "Huyo Simforosi ni wa mwaka gani?"

Nilimwambia ana miaka arobaini, na ni hodari.

"Si wa asili," alisema Dokta kwa masikitiko. Alinieleza kwamba kifaa kimoja kikibadilishwa kinanda hakiwi cha kihistoria tena, na kinanda kisipokuwa cha kihistoria tamasha haliwi la vinanda vya kihistoria, na mgeni rasmi hawezi kuwa mgeni rasmi wa jambo ambalo halipo.

"Mimi ni mtu," alisema Mama Leokadia.

Dokta alinijibu mimi tena. Alisema hilo hakuna anayelibisha, wizara inaliheshimu sana, ila lina ugumu wa kimaandishi. Tangu uchaguzi ule ambao marehemu walijitokeza kupiga kura kwa wingi kuliko walio hai, serikali iliagiza jina moja likae kwenye daftari moja tu. Jina la Leokadia lilipoingia Daftari la Vya Kale, lilitoka lenyewe kwenye Daftari la Watu. Hakuna aliyelitoa. Alitaka nielewe kwamba hakuna aliyelitoa.

Niliuliza kama haliwezi kurudishwa. Akasema linaweza, kwa urahisi kabisa, mradi mhusika mwenyewe aombe, awe amefika ofisini kwa miguu yake, na awe na kitambulisho kinachoonyesha kwamba yumo kwenye Daftari la Watu.

Mama Leokadia hakulia. Alirudi kukanyaga, maana kwaya ilikuwa inangoja. Mimi nilitoka nje nikasimama nyuma ya choo cha parokia, na nakiri nilijichukia.

*

Tamasha lilipangwa kuanza saa nne asubuhi, kwa hiyo tulijua litaanza saa nane.

Kabla ya siku yenyewe palikuwa na matatizo madogo na Baraza la Kukagua Nyimbo. Baraza lilimtaka mtunzi wa wimbo mkuu afike mwenyewe na picha mbili ndogo. Profesa alipoandika kwamba mtunzi alifariki zaidi ya miaka mia mbili na hamsini iliyopita, Baraza lilitoa pole kwa familia na kuomba barua ya mwenyekiti wake wa mtaa. Kisha likausikiliza wimbo. Ni wimbo usio na maneno, ambamo sauti moja huanza, ya pili huidaka na kuyarudia yaleyale, ya tatu ikaifuata, mpaka sauti nne zinasema kwa pamoja na kila moja inaendelea na shughuli zake. Wajumbe walishtuka. Waliuliza katika hizo nne mwenyekiti ni nani. Waliuliza hizi tatu zinaifukuza ile moja kwa kosa gani. Hatimaye wimbo ulipewa kibali kwa sharti kwamba sauti ya kwanza itambuliwe kuwa ndiyo kiongozi na nyingine zinamuunga mkono.

Mgeni rasmi alikuwa Makamu wa Tatu wa Rais. Alipokewa kwa ngoma, kwa gwaride na kwa risala saba, zikiwemo mbili za kumshukuru aliyesoma risala iliyotangulia. Yeye mwenyewe alizungumza saa moja na nusu kuhusu barabara. Profesa, aliyekuwa amekaa safu ya sita nyuma ya walinzi, alitazama saa yake, na mlinzi mmoja akaiazima.

Simu yangu ilitikisika wakati Mwalimu Ponsiano anakaa kwenye kiti kilichopasuka. Alikuwa Respikius, mume wa Pelagia. Uchungu ulikuwa umeanza, wiki mbili kabla ya siku zake. Pelagia alikuwa anaita mama.

Niliingia nyuma ya kinanda kwa kupiga magoti, nikijifanya nimeangusha rozari. Mwalimu alikuwa amekwisha kuanza. Sauti ya kwanza ilikuwa inatoka, nzuri kabisa, na Mama Leokadia alikuwa anashuka na boriti, uso umetulia. Nikamwambia.

Hakuacha kukanyaga. Aliuliza ni nani yuko naye, nikasema jirani. Sauti ya pili ikaingia, kisha ya tatu. Alihamia boriti ya pili, akaishusha mpaka chini, akangoja sauti ya nne iingie. Nadhani alimpa Mwalimu heshima hiyo ya mwisho. Kisha akateremka, akakaa sakafuni, akanyoosha miguu.

Kinanda kikashusha pumzi ndefu. Sauti zote nne zikateremka kwa pamoja, zikalegea, zikakoma. Mwalimu Ponsiano aliendelea kubonyeza vibonyezo kwa muda, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Mgeni rasmi akasimama, akapiga makofi. Kwa hiyo watu wote wakasimama, wakapiga makofi. Gazeti la kesho yake liliandika kwamba Baroko yetu ni fupi na haichoshi, tofauti na ya wenzetu. Ni Profesa peke yake aliyebaki amekaa, ameziba uso kwa mikono.

Dokta Kitundumo alikuja nyuma ya kinanda mbio, tai imegeukia begani. Safari hii alisahau kuzungumza na mimi.

"Kuna nini?"

"Mguu umekataa," alisema Mama Leokadia.

"Umekataa mguu, au umekataa wewe?"

"Kifaa hakikatai, Dokta. Kifaa huharibika."

*

Iliundwa tume ya watu saba. Walimchunguza Mama Leokadia kwa siku nne. Walimgonga magoti kwa nyundo ya mbao, walimpima kwa futi, walimmulika kwa tochi masikioni. Kila walipomwambia akanyage, alikanyaga mara moja, akakaa. Mimi nilimsikia usiku na mchana akiuliza habari za Bwawani, na habari hazikuja, maana simu ya Respikius ilikuwa imezimika na umeme wa huko, kama kawaida, ulikuwa kwenye matengenezo ya kudumu.

Taarifa ya tume ilikuwa na kurasa tisini na hitimisho la mstari mmoja: kifaa namba kumi na nne kimechakaa. Kisheria, kifaa kilichochakaa hufutwa daftarini. Na kilichofutwa, kwa kuwa bado ni mali ya umma, hakitupwi hovyo. Huuzwa kwa mnada wa hadhara.

Naomba hapa nisieleweke vibaya. Nchi yetu ilikomesha utumwa zamani sana, na siku ya kuukomesha ni sikukuu. Hatufanyi kazi siku hiyo. Kuuza mtu ni kosa la jinai, na aliyeshukiwa kumuuza mtu angekamatwa palepale. Lakini Mama Leokadia hakuwa kwenye Daftari la Watu, kwa hiyo hapakuwa na mtu aliyeuzwa. Askari waliokuja kulinda mnada walilieleza jambo hilo vizuri sana, na mmoja wao alikuwa anatazama chini.

*

Mnada ulifanyika uwanja wa shule. Aliyeuendesha ni dalali wa wilaya, mtu mwenye sauti ya kuita watu toka ng'ambo ya mto. Aliuza mashine tatu za kuandikia, baiskeli isiyo na magurudumu na meza ya Mkuu wa Wilaya aliyepita. Kisha akapandisha mezani kifaa namba kumi na nne, akasoma: mkanyagaji, mmoja, wa asili, mbovu.

Akajitokeza Bwana Hezroni, mwenye hoteli ya watalii. Alisema anamtaka kwa ajili ya ukumbi wa mapokezi, akae pale na kibao chake, watalii wapige picha. Alitaja bei nzuri. Nilikata tamaa, maana sisi wanakwaya tulichanga mpaka sadaka ya Jumapili na hatukufika hata nusu yake.

Bwana Hezroni, kama mnunuzi yeyote mwenye akili, akaomba kwanza akione kifaa kikitembea. Mama Leokadia akatembea. Alivuta mguu mmoja, akaupinda wa pili, akatikisa kichwa, akatoa ulimi nje kidogo, na alipofika mbele ya Bwana Hezroni akamkoholea. Bwana Hezroni akasema ataangalia mambo mengine.

Ndipo tulipomwona Respikius. Alikuwa ameliona tangazo la mnada gazetini, akasafiri siku mbili, vumbi mpaka kwenye kope, na alikuwa amesimama akiipa meza mgongo. Inabidi nieleze kwamba kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni, hali naye sahani moja, hatamki jina lake, na kamwe hazungumzi naye moja kwa moja mbele ya watu. Alikuwa amekuja kumnunua na hakuweza kumtazama.

"Dalali," alisema, akiuambia ukuta wa darasa la tatu, "nataja elfu kumi. Na kifaa kiambiwe kwamba ni msichana. Wote wawili wazima."

Dalali alinyanyua sauti yake ile, akatangaza uwanja mzima. "Mnunuzi anasema elfu kumi! Na anasema ni msichana, wote wawili wazima!"

Mama Leokadia alikaa chini juu ya meza ile, akajifunika uso kwa kanga. Mabega yake yakatikisika. Katika miaka yangu ishirini na miwili ya ukatibu sikuwahi kumwona akilia, na uwanjani hapakuwa na aliyecheka, hata dalali.

Dalali akauliza kama kuna wa zaidi. Hapakuwa na mtu. Akanyanyua nyundo.

"Elfu kumi na tano," alisema Respikius.

Dalali akamwambia taratibu kwamba anashindana na nafsi yake. Respikius akajibu kwamba anajua. Ila akirudi Bwawani, wazee watamuuliza amempata mama mkwe kwa kiasi gani, na hawezi kusema elfu kumi, bei ya majogoo wawili. Akapandisha mpaka elfu ishirini. Akapandisha mpaka thelathini. Jasho lilikuwa linamtoka, na kila alipopandisha aliinama kwa adabu, akiuinamia ukuta.

"Baba," alisema Mama Leokadia kutoka mezani, uso bado umefunikwa. "Nimeheshimika. Nyamaza sasa, mtoto atakosa nguo."

Nyundo ikashuka.

*

Mwaka ukazunguka, na Tamasha la Pili likatangazwa, kubwa kuliko la kwanza. Mabango yakawa na vinanda vitano. Simforosi angeweza kukanyaga, lakini kila alipokisogelea kichumba askari walimzuia, kwa kuwa hakuwa wa asili. Kinanda hakikuwa kimetoa sauti tangu siku ile. Profesa aliandika kwamba atakuja tena, lakini anaomba, kama haitakuwa usumbufu, safari hii asikie wimbo mpaka mwisho.

Dokta Kitundumo akafunga safari ya Bwawani pamoja na Zebedayo, na mimi nikachukuliwa kuwaonyesha njia. Tulimkuta Mama Leokadia uani, amemlaza mjukuu juu ya miguu yake iliyonyooka, anampaka mafuta. Miguu ile ilikuwa mizima kabisa. Respikius alipotuona, na kuona kwamba mazungumzo yatamhusu mama mkwe, alijitoa akaenda nyuma ya nyumba, akabaki huko.

Dokta alitoa hotuba. Alisema taifa linamhitaji, historia inamtazama, na wizara iko tayari kumwandika tena daftarini kwa namba nzuri zaidi, pengine namba moja. Pelagia, aliyekuwa mlangoni, alikuja akakaa karibu na mama yake.

Mama Leokadia alimwomba Pelagia alete karatasi iliyokuwa chini ya godoro. Ilikuwa stakabadhi ya mnada. Akampa Dokta, akamwonyesha kwa kidole chenye mafuta mstari wa mwisho, juu ya muhuri: Mali ya serikali ikishauzwa haipokelewi tena kwa sababu yoyote ile.

Dokta aliusoma mara mbili. Sahihi iliyo chini yake ilikuwa ya kwake. Alimuuliza Zebedayo kama hakuna kifungu, hata kidogo, cha kupitia. Zebedayo alifikiri kwa uaminifu wake wote, akajibu kwamba hakuna. Alisema walikaa vikao sita kuhakikisha hakuna.

Mtoto alikuwa anacheza na kidole cha bibi yake. Kisha Dokta akachuchumaa pale mavumbini, na suti yake, akasema kitu ambacho alipaswa kukisema mwaka mzima uliopita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Sasa mama, sisi tutafanyaje?"

Mama Leokadia alimfunga mjukuu mgongoni, akakaza kanga, akasimama.

"Nendeni mkakanyage wenyewe," alisema, akaingia ndani kuchemsha maji.